Kioo cha Futi Nne kwa Tatu

9 Machi

Baba, shikamoo,

Naanza kwa kukujulia hali wewe, mama, na goti la mama, maana nalo siku hizi ni mtu wa tatu hapo nyumbani. Masikio je? Bado ukipigiwa simu unasikia ile mashine yako ya kusagia kingo za vioo tu? Mimi mwili uko salama. Kwa mengine, vuta kiti kwanza.

Najua ni miezi minne sijaandika. Sikuwa mgonjwa, wala kazi haikuzidi. Nilikuwa naona haya. Mtihani wa kuingia chuo cha biashara nimeufanya mara ya pili, na mara ya pili nimeshindwa. Wanataka alama sitini na tano. Mwanzo nilipata hamsini na sita, safari hii hamsini na nane. Kwa mwendo huo nitafaulu nikiwa na wajukuu. Na chuo chenyewe kinampa mtu nafasi tatu tu. Imebaki moja, tarehe 20 Juni, basi.

Hesabu za kawaida nazimudu. Kinachonimaliza ni maswali ya aina moja ambayo sisi tunaojiandaa tunayaita "zinatosha, hazitoshi." Unapewa swali, halafu unapewa taarifa mbili. Huulizwi jibu la swali. Unaulizwa kama taarifa hizo zinatosha kulipata. Unachagua herufi. A, ya kwanza peke yake inatosha. B, ya pili peke yake inatosha. C, hazitoshi mpaka uziunganishe. D, kila moja inatosha peke yake. E, hata ukiziunganisha hutoki.

Chukua hili moja. Ukijumlisha x na y unapata ngapi? Taarifa ya kwanza: 3x + 3y = 42. Ya pili: x − y = 4. Basi mimi nikalivamia. Nikaziunganisha, nikapata x ni tisa na y ni tano, jumla kumi na nne, nikahakiki, nikapiga na mstari chini. Nikachagua C. Dakika nne zimekwenda, na jibu ni kosa.

Hapa kazini, kwenye dobi la hospitali, wametuletea bosi wa tatu mwenye cheti cha biashara. Nimemfundisha kuwasha mashine ya kukaushia mashuka kama nilivyowafundisha wale wawili waliomtangulia. Ni mtu mpole, sina ugomvi naye. Lakini miaka sita mimi ni mkuu wa zamu, na nimechoka kuwafundisha watu kazi ambayo nikiiomba mwenyewe naambiwa sina cheti. Ndiyo maana siachi.

Nina ombi. Yale maneno uliyoyaandika kwa rangi nyeupe kwenye kioo kikubwa mbele ya duka, BINTI YANGU ANAINGIA CHUO CHA BIASHARA, yafute. Mtaa mzima unayasoma mwaka wa pili huu. Nilishasema sikanyagi hapo mpaka nifaulu, na kila nikiyakumbuka miguu inazidi kuwa mizito.

Binti yako

21 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Goti limesikia salamu zake na limefurahi, linasema mimi huwa nalisahau. Masikio yangu ni yale yale. Mtu akinipigia simu namjibu "ndiyo" kwa kila kitu, na juzi kwa njia hiyo nimekubali kwenda kwenye harusi ya watu nisiowajua. Barua ndiyo yangu, hainuni nikiirudia. Mama yako barua yako ameisoma mara tatu, na kila akifika kwenye hamsini na nane ananitazama mimi, utadhani ndiye niliyesahihisha.

Kwanza, maneno hayafutwi. Niliyaandika kwa mkono huu, na mkono huu haujabadili mawazo.

Pili, mbona mtihani wako ni kazi yangu ya kila siku? Mtu anaingia dukani, "Fundi, nataka kioo cha dirisha," ananipa karatasi. Mimi hata almasi ya kukatia siigusi. Nasoma karatasi nasema, "Vipimo vinatosha, keti," au, "Havitoshi, rudi ukapime upana." Umeniona nikifanya hivyo tangu ukiwa unakaa juu ya kopo la puti ya kubandikia vioo huku miguu haifiki chini. Je, nilikuwa nakata kwanza ndipo nijue kama vipimo vinatosha? Duka lingekuwa limejaa vipande mpaka darini.

Sasa hilo swali lako. Mama yako alinisomea hizo x na y, mimi nikazifanya urefu na upana ndipo zikakaa sawa. Umeulizwa urefu na upana kwa pamoja. Taarifa ya kwanza inakwambia urefu mara tatu na upana mara tatu ni arobaini na mbili. Basi urefu mara moja na upana mara moja ni theluthi yake. Imekwisha. Wewe ukaanza kuutafuta urefu peke yake na upana peke yake, nani alikutuma? Mteja hakuuliza. Herufi ni A.

Lakini sikulaumu, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekuwa nakukatalia kuinuka mezani mpaka sahani iwe nyeupe. Mimi ndiye niliyekurudisha kufagia nyuma ya mlango, mahali ambapo hata panya hapiti. Nilikulea uwe mtu wa kumaliza. Sasa kwa ruhusa yangu mimi baba yako, acha kazi katikati. Ukishajua kwamba inakatika, weka almasi chini, mwite mteja mwingine.

Niletee maswali mengine. Mchana duka linapoa, na mama yako amechoka kunishinda karata.

Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo. Goti nalo, shikamoo.

Niko mzima, na leo nina furaha ya kitoto. Wakati wa mapumziko nimejifungia kwenye chumba cha kukunjia mashuka nikafanya maswali kumi kwa mtindo wako. Kila nikifika mahali pa kusema "hii inakatika," naweka kalamu chini. Mwanzoni mkono ulikuwa unawasha kabisa kwa hamu ya kumalizia. Nikaukalia. Nimepata saba kati ya kumi, na muda ukabaki! Nimetoka humo natabasamu, wenzangu wakadhani nimepandishwa cheo.

Kuna kitu kingine nimekikumbuka. Ukiletewa karatasi za wateja wawili kwa wakati mmoja, ulikuwa unaifunika moja kwa kiganja ndipo unasoma ya pili. Miaka yote nilidhani unawafichia watu siri za madirisha yao. Kumbe! Hilo ndilo kosa langu la pili. Nasoma taarifa ya kwanza, halafu nikihamia ya pili bado nina ya kwanza kichwani, na ya pili inaonekana inajua mambo ambayo haiyajui. Siku hizi nafunika kwa kiganja, kama wewe.

Haya, na wewe jipime. Swali la kwanza: y ni ngapi? Taarifa ya kwanza: 5y = 35. Ya pili: 2y + 3 = 17. Swali la pili: x ni ngapi? Taarifa ya kwanza: x ikizidishwa kwa x yenyewe ni 49. Ya pili: x ni kubwa kuliko sifuri.

Ukikosa namshtakia mama.

Binti yako

15 Aprili

Binti yangu,

Marahaba, na goti limeitikia. Sisi wazima. Ile harusi tulikwenda, tukala, na hakuna aliyetuuliza sisi ni nani.

Wiki hii nimekukumbuka sana dukani. Alikuja mama mmoja hana futi, hana namba, ana uzi tu wenye mafundo matatu. Fundo la kwanza hadi la pili ni urefu wa dirisha lake, la pili hadi la tatu ni upana. Nikamwambia, keti mama, vinatosha. Baada yake akaja mhandisi na mchoro wa rangi nne, una kila kitu mpaka mshale wa kuonyesha jua linatokea wapi. Upana haumo. Nikamrudisha. Ameondoka amevimba, na yule mama wa uzi akamwazima uzi.

Sasa majibu. Swali la kwanza ni D. Hao ni wateja wawili, kila mmoja amekuja na kipimo chake kamili, wala hawahitajiani. Swali la pili ni A, tena usinichezee. Kioo cha mraba chenye eneo la arobaini na tisa, kila upande ni saba. Nimekata vioo vya mraba kabla hujaota meno. Hiyo taarifa ya pili ni porojo za kujaza karatasi. Nani amewahi kuja dukani kwangu na dirisha dogo kuliko sifuri?

Kwa hiyo mawili kwa mawili. Wakihitaji mtu wa kusahihisha hiyo mitihani waambie nipo. Mama yako anasema nisijisifu mpaka majibu yarudi, lakini huyo ana wivu tu.

Baba yako

24 Aprili

Baba, shikamoo,

Habari za hapo, na mama yuko karibu? Mwite asikie. Umekosa!

Nimecheka mpaka dada wa mashine ya pasi akaja kunipiga mgongo, akidhani nimepaliwa. Baba, x si kioo. Saba mara saba ni arobaini na tisa, sawa. Lakini hasi saba mara hasi saba nayo ni arobaini na tisa. Kwa hiyo taarifa ya kwanza inakupa x mbili na hujui ipi. Ndipo ile unayoiita porojo inapoingia na kuifukuza ya hasi. Jibu ni C. Zote mbili kwa pamoja.

Usinune, kosa lako limenisaidia kuliko vitabu vyote. Mimi nilikuwa nalirudia hilo hilo na sijui kwa nini. Sasa nimeandika kwenye jalada la daftari: JE, HII X NI KIOO? Wakiuliza urefu, au watu, au mashuka, najua hakuna hasi. Wakisema x tu, basi inaweza kuwa chochote, hasi, sifuri, hata nusu.

Kwenye jaribio la Jumamosi nimepata sitini na mbili. Zimebaki alama tatu, baba. Tatu tu! Na ninajua zimejificha wapi, ila siwezi kuzitoa.

Tazama hili. x ni ngapi? Taarifa ya kwanza: 4x − 6y = 20. Ya pili: 6x − 9y = 30. Nikafanya ulivyonifunza. Nikasema, herufi zisizojulikana ni mbili, taarifa nazo ni mbili, hiyo inakatika, nikaweka kalamu chini, nikachagua C. Kosa. Wanasema E, hazitoshi hata ukiziunganisha. Ni mara ya tatu naanguka kwenye shimo hili hili. Nikikokotoa mpaka mwisho muda unanila. Nisipokokotoa nadanganyika. Njia yangu imeshindwa na yako pia imeshindwa. Hapa nimenyoosha mikono.

Na nakuomba tena, yafute yale maneno. Kama nikishindwa mara ya tatu sitaki yawepo.

Binti yako

18 Mei

Baba, shikamoo,

Sijui hali zenu, maana sijapata barua. Wiki ya nne inakwenda. Nimekuudhi? Niliposema njia yako imeshindwa sikuwa na maana ya kukudharau, ni hasira za hesabu tu. Kama ni masikio yanakusumbua, au ni mama, niambie hata kwa mstari mmoja.

Lile swali bado sijalijua. Umebaki mwezi.

Binti yako

29 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Hakuna mgonjwa na hujaniudhi. Nilikuwa natoa karatasi, naandika "Binti yangu, marahaba," kisha nairudisha kwenye droo. Mama yako amehesabu karatasi tisa.

Swali lako nililielewa siku ile ile niliyolisoma. Kilichonichelewesha ni kwamba siwezi kukueleza bila kukusimulia jambo ambalo sijamsimulia mtu.

Kile kioo kikubwa mbele ya duka, chenye maneno unayoyaonea haya. Umekua unakiona, na hujawahi kuniuliza kwa nini fundi vioo ana kioo kizuri, kinene, cha futi nne kwa tatu, kimeegemea ukuta miaka ishirini na minane bila kufungwa popote. Ulikuwa hujaanza shule. Mzee mmoja mwenye nyumba ya kupangisha aliniandikia kutoka mbali, anataka kioo cha dirisha la sebule. Akasema, ukilizunguka dirisha lote ni futi kumi na nne. Nikamjibu kwa maringo kwamba mzingo peke yake hautoshi, anipe na kipimo kingine. Akaleta: urefu na upana ukijumlisha ni futi saba.

Nikaona vipimo viwili, nikafurahi. Nikajaribu kichwani, nne na tatu ni saba, zunguka ni kumi na nne, imekubali. Nikachukua kioo kinene kuliko vyote nilivyokuwa navyo, nikakata. Tukakisafirisha tumekifunga kwa mablanketi kama mgonjwa. Tukafika. Dirisha lilikuwa futi tano kwa mbili.

Tano na mbili ni saba. Zunguka ni kumi na nne. Yule mzee hakunidanganya hata kidogo. Alinipa kipimo kile kile mara mbili, mara ya pili amekigawa nusu, na mimi nikahesabu idadi ya vipimo badala ya kusoma vinasema nini. Wapangaji walisimama mlangoni wakinitazama nikijaribu kukilazimisha kioo kiingie kama kiatu cha mtu mwingine. Jasho lilinitoka mahali nisipopajua. Nikarudi nacho. Mama yako nilimwambia mteja ameghairi. Ukweli ameujua leo, nilipomsomea barua hii, na amecheka kicheko ambacho sikukipenda.

Sikukata kile kioo kuwa vipande vidogo kwa sababu nilitaka kinitazame kila asubuhi nikifungua duka. Miaka yote kilikuwa kinanikumbusha tu kwamba niliwahi kuaibika. Uliponiambia unakwenda kufanya mtihani wa chuo nilifurahi mno, nikataka kiseme kitu kingine. Ndipo nikachukua brashi. Kwa hiyo usinambie nifute. Hicho unachokiona aibu yako kilikuwa aibu yangu kwanza, na bado nafungua duka.

Haya, swali. Taarifa ya kwanza igawe kwa mbili, inabaki 2x − 3y = 10. Ya pili igawe kwa tatu, inabaki 2x − 3y = 10. Ni mteja yule yule, amebadili shati. Huna haja ya kukokotoa mpaka mwisho. Kabla ya kusema viwili vinatosha, mpunguze kila mmoja mpaka uso wake uonekane, halafu jiulize, huyu ni mwingine au ni yule yule?

Nakupenda, mwanangu. Nilipaswa kukusimulia zamani.

Baba yako

8 Juni

Baba yangu, shikamoo,

Barua yako nimeisoma nimekaa ndani ya toroli la mashuka safi, kinyume cha sheria niliyoibandika ukutani mimi mwenyewe. Nimelia, kisha nikafika kwenye kiatu cha mtu mwingine nikacheka, kisha nikalia tena. Mashuka mawili imebidi yarudi kufuliwa.

Unajua nilichokuwa nakiogopa? Nilidhani wewe hukosei. Nimekua nikikuona unakata mara moja na kinakaa, kila siku, na mimi nikikosa naona siwezi kuingia kwenye mlango wa mtu kama huyo. Laiti ningejua kuwa mlango wenyewe umeegemewa na kosa la futi nne kwa tatu.

Tangu juzi nimefanya maswali ishirini ya aina ile. Nimekosa moja. Mteja aliyebadili shati namtambua akiwa bado yuko barabarani.

Maneno yaache. Nakwenda tarehe 20. Mama aniombee, ila kwa kukaa, goti lisije likanilaani.

Binti yako

12 Julai

Binti yangu,

Hujambo huko? Sisi hatujambo, kwa juu juu.

Tarehe 20 imepita, wiki tatu sasa, na barua hakuna. Mama yako anasema ukikaa kimya maana yake umeshindwa, kama mara mbili zile. Nimemwambia kimya peke yake hakitoshi, kinaweza kuwa kushindwa na kinaweza kuwa posta. Akaniuliza, kama nina uhakika hivyo, kwa nini leo nimepima kioo kimoja mara sita.

Sikiliza. Kama umefaulu, njoo nyumbani. Kama umeshindwa, njoo nyumbani. Hiyo ni D, mwanangu. Kila moja peke yake inatosha kukuleta.

Baba yako

14 Julai

Baba, shikamoo! Mama, shikamoo! Mko wazima? Mmekaa? Inukeni.

Sabini na tisa!

Nimekaa kimya kwa makusudi, mnisamehe. Matokeo niliyajua mapema, lakini nilijiapiza kwamba safari hii siandiki mpaka niwe na karatasi ya chuo mkononi. Imefika leo. Ina muhuri, ina sahihi, inasema nimekubaliwa na masomo yanaanza Septemba. Nimeisoma kwa sauti mbele ya mashine zote nane, zikiwa zinanguruma, na hakuna iliyopinga.

Acha niwaambie ilivyokuwa. Chumba baridi, kompyuta mbele ya kila mtu, kimya mpaka unasikia mtu akimeza mate. Yalipoanza yale maswali yetu nikainua kiganja nikafunika taarifa ya pili kwenye kompyuta. Msimamizi akaja taratibu, "Dada, kioo kina tatizo?" Nikamwambia, "Hapana, namsikiliza mteja mmoja kwanza." Alinitazama kwa huruma akaenda zake. Swali baada ya swali nikawa nauliza kama x ni kioo. Nikawa naweka almasi chini. Muda ukawa unanisubiri mimi.

Karibu na mwisho, baba, akaja yule mzee wako mwenye nyumba ya kupangisha. Maswali yenyewe haturuhusiwi kuyatoa nje, nimetia sahihi, kwa hiyo nikwambie tu kwamba alikuwa amebadili shati, suruali na kofia. Zamani ningemkaribisha na C yangu nikaenda zangu. Nikampunguza. Nikampunguza tena. Uso ukatokea! Nikabonyeza E, na bila kujijua nikasema kwa sauti, "Futi tano kwa mbili." Msimamizi akarudi.

Bosi wangu wa tatu ameniandikia barua nzuri ya kuniruhusu kwenda masomoni. Halafu, kwa unyenyekevu wote, akaniomba nimwachie maelekezo ya mashine ya kukaushia.

Sasa sikiliza kazi, fundi. Nataka barua ya chuo niitie kwenye fremu, na uikatie kioo wewe. Sitaki kioo kingine ila kile cha mbele ya duka. Maneno yake yamekwisha kazi, sasa nakuruhusu uyafute. Vipimo vya barua ni hivi: ukiizunguka yote ni inchi arobaini. Na ili usinirudishe kupima tena kama yule mhandisi, nakuongezea kingine: urefu na upana ukijumlisha ni inchi ishirini.

Ni vipimo viwili, kwa hiyo naamini vinatosha.

Binti yako

25 Julai

Binti yangu, msomi wa nyumba hii,

Marahaba mara sabini na tisa. Mama yako alipofika kwenye hiyo namba alipiga kelele ambayo hata mimi niliisikia, na muuza viatu wa jirani akaja mbio akidhani tumevamiwa. Goti lenyewe lilisahau kwamba linauma, mwenye goti akacheza mpaka nje. Barua yako nimemsomea kila aliyeingia dukani. Kuna bwana alikuwa anauliza njia tu, naye kaisikia yote mpaka mwisho, akakupigia makofi. Nimelia pia. Sikufichi, nililia mbele ya wateja na sikugeuka.

Maneno nimeyakwangua leo asubuhi kwa wembe. Kile kioo nimekilaza mezani kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nimekifuta, hakina hata mkwaruzo. Fremu nimekwisha chagua mbao zake. Almasi iko kando yangu.

Ila vipimo vyako nimevisoma. Arobaini nimeigawa kwa mbili. Mteja yule yule. Ni E, mwanangu, na wewe unajua ni E. Mama yako anasema karatasi zote za ofisi zina saizi moja, tena hapa mezani ipo moja, nipime hiyo nimalize maneno. Nimemwambia swali halikusema hivyo.

Kwa hiyo siwezi kukata. Ilete barua yenyewe, niipime kwa mkono wangu.

Baba yako, fundi vioo